Wawili kwa Uzi Mmoja

Stesheni ya Arbroath, Julai, na mama kavaa makoti mawili.
Mamdogo Mwantumu alitusubiri na mwavuli uliopinduliwa na upepo,
mfupi kuliko alivyokuwa kwenye simu.
Miaka kumi na tisa. Wakashikana mabega,
wakakaguana kama kitambaa dukani,
upande wa mbele, upande wa nyuma,
mpaka mama akasema, "Umekonda,"
naye akajibu, "Wewe umeninenepea."
Hapo ndipo walipolia.
Sisi tulihesabu masanduku.

Kwake ni ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Magharibi tuliingoja hadi saa nne kasoro,
Shebe kajibanza dirishani: "Hili jua halina kwao?"
Binamu yetu Kirsti akacheka kwa Kiswahili
chenye "r" ya marehemu babake,
inabingirika kama kokoto ndani ya debe.

Asubuhi tukateremka bandarini.
Uani kwa mzee Dagi, pipa limezikwa nusu,
magunia mabichi yamelifunika gubigubi
kama mgonjwa anayepigishwa nyungu.
Akafunua. Moshi ukatuamkia kwanza,
kisha tukawaona: samaki wa rangi ya shaba,
wamefungwa mikia, wawili kwa uzi mmoja,
wakaning'inizwa kwenye vijiti,
kila mmoja kampa mwenzake mgongo.

Mama akanusa.
"Ni ng'onda huyu," akasema,
kama aliyekutana na mtoto wa jirani ugenini.
"Ila kaanikwa na watu wasio na jua."
Kirsti akatafsiri. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Shebe akaninong'oneza: ni halali?
Mamdogo akamsikia. "Kula, baba.
Samaki keshachinjwa na bahari."

Tukala wima, karatasi inatuunguza vidole.
Ngozi ilibanduka kama jalada la daftari kuukuu,
chini yake nyama nyeupe, laini, ina chumvi na kuni,
na mafuta yakatambaa mpaka kwenye viwiko,
nasi tukayafuata kwa ulimi, adabu tumeziacha Tanga.
Mama akafungua mkoba, akatoa soksi,
ndani ya soksi soksi, ndani yake chupa:
achari ya ndimu, imevuka viwanja vitatu vya ndege.
Akampakia mzee Dagi kwenye kipande chake.
Mzee akaiva uso, akatamka neno
ambalo Kirsti alikataa kulitafsiri,
kisha akanyoosha mkono aongezwe.

Baadaye, kwenye ukuta wa gati,
mama akauviringisha ule uzi kidoleni.
"Katani hii?"
"Juti."
"Baba angejua bila kuuliza."
Miaka thelathini alikata mkonge, babu yetu,
mikono yake ilikuwa na miiba iliyozeeka naye.
"Alikuulizia, Mwantumu. Mpaka Alhamisi ile."
"Karatasi zangu zilikuwa za kutoka, si za kurudi."
"Hukuniambia."
"Ulinikatia simu."

Wakageukia kila mtu upande wake.
Mimi nikatazama mashua za kamba,
nikasoma majina yao, nikayarudia tena,
kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuweka macho.

Ndipo shakwe mmoja, mkubwa kama kuku wa sikukuu,
akashuka, akampokonya Shebe samaki mzima,
na ndugu wale wawili wakainuka kwa pamoja
wakamtukana kwa tusi moja, kwa sauti moja,
tusi la bibi yetu, la kizamani,
ambalo sisi hatukujua kama wanalijua.
Wakatazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka.
Mamdogo akamfuata, akashika ukuta asianguke.

Hawakuombana radhi. Sikusikia, walau.
Walirudi wameshikana mikono, wakibishana
kama nazi ya kopo ni nazi.

Sasa tuko nyumbani, na uzi uko
kwenye droo ya mama, chini ya tasbihi.
Ukiifungua, moshi bado.
Nikimuuliza anasema wa kufungia mchicha.
Mchicha tunanunua umeshafungwa.