Visawe

Aminieli, mtoto wa dada, kaja gereji na daftari.
Mwalimu wa Kiingereza kawapa neno moja, risasi,
anataka visawe vitano kufikia kesho asubuhi.
"Mama mdogo, si wewe unauza risasi?"
Kweli, ninauza.
Hapa Pasua, nyuma ya kituo cha mafuta,
ninagonga vipande vyake kwenye rimu,
gramu tano, gramu kumi, kumi na tano,
mpaka tairi liache kutikisa usukani likifika themanini.
Hiyo ndiyo risasi yangu. Inasawazisha.

Andika, basi.
Kombora: hilo unalo tayari, la redioni,
mpira unafumuliwa nje ya kumi na nane
na mtangazaji anapiga kelele kama nyumba inaungua.
Shaba: la vijana wa kijiweni pale Mbuyuni,
"atakula shaba yule," wanasema, huku wanatafuna miwa.
Marisau: zile punje ndogo za kupigia kanga.
Babu yako alikuwa akizitema pembeni mwa sahani
kama mtu anayetema mbegu za chungwa.
Mshale usiandike. Mshale hauna baruti.

Ingawa kwenye picha yake ya eksirei
daktari alichora mshale kwa kalamu nyekundu,
na mbele ya ncha palikuwa na kitu cheupe,
kidogo, kimelala nyongani kama kokwa.
Kilipanda naye lori la kurudi kutoka Masaka
mwaka wa sabini na tisa,
hakikulipa nauli.

Kwetu Kiboriloni neno lenyewe halikutamkwa.
Bibi yako aliliita mpangaji.
"Mpangaji kaamka," alisema mvua za Machi zikinukia,
akabandika maji, akamtuma mtu dukani kwa dawa.
Kaka mkubwa aliliita deni.
Jirani yetu mama Ndeshi aliliita medali,
mpaka siku baba alipomwomba, kwa sauti ya chini,
basi aivae yeye.
Mimi nilikuwa na miaka sita. Nililiita *yule*.
Niliamini ana macho,
na kwamba usiku anatusikia tukigombania blanketi.

Baba hakuliita chochote.
Alitembea nalo akiegemea kushoto,
hatua moja ndefu, moja fupi,
kama gurudumu lililobandikwa uzito
na fundi aliyekuwa na haraka.

"Na mzinga?" Aminieli anauliza, kalamu mdomoni.
Mzinga ndio unaotema, mwanangu, hautemwi.
Na babu yako alikuwa nayo sita, migombani,
ya nyuki. Alipenda kulitaja neno hilo,
mzinga, mzinga,
akilisuuza kwa asali hadi likatoka harufu ya kule.
Siku hizi umelichukua wewe:
kila Ijumaa unanipiga mzinga, mia tano ya chipsi.

Anacheka. Halafu hacheki.
"Ilikuwa gramu ngapi?"

Sijawahi kuulizwa hivyo. Mimi,
ninayepima vyuma vya watu kutwa nzima.
Nane, labda.
Na cha nane sina. Cha tano ni chepesi mno,
cha kumi kimezidi. Nampa hicho cha kumi.
Anakifumba kiganjani, anakipimapima,
anakibadilisha mkono, kama anatafuta upande wa kuegemea.
"Mlimtoa nayo?"
Tulimzika nayo. Hakuna aliyeidai.

Hayasi inapiga honi, dereva ana safari ya Himo.
Ninapoinuka kushika jeki namwona anaandika,
ulimi nje, herufi kubwa zilizolala:
la nne, *mpangaji*.
La tano kaliacha wazi.

Kesho mwalimu atalikata kwa wino mwekundu,
na pembeni, nadhani,
atachora mshale.