Kivuli cha Saa Mbili

Picha hii haipo.
Usihangaike kuitafuta ndani ya seva,
haikuhifadhiwa popote, haina umri.
Ukigusa kioo ndipo mashine inazinduka,
inauliza jua liko wapi juu ya Mudhaibi,
inachora uwanja, inasimika kijiti,
inalaza kivuli juu ya safu za mawe,
inakukabidhi, kisha inasahau
kama mpishi aliyefunga.

Kando ya picha nimeweka maneno, hayana makuu:
Maji sasa ni ya Zuwena binti Khalfan.
Zimebaki athari mbili.
Huku athari ni nusu saa ya falaji.
Mama alicheka mwaka aliofika kutoka Unguja:
"Kwetu athari ni alama ya kilichopita.
Kwenu ndiyo maji yenyewe?"

Kazi alinipa Muhanna, arifu wa falaji.
Magoti yake yamegoma kushuka uwanjani
kila alfajiri kupima kivuli.
"Nitilie simuni," aliniambia,
"lakini kisinidanganye."
Nikampa Ijumaa zangu tatu
na hesabu za jua, ambazo shuleni nilizikimbia.

Ikaja Jumanne ya Julai, joto la kukaangia yai.
Zuwena kaondoa jiwe na matambara,
maji yameanza kuingia kwenye mitende yake,
mara Nabhan huyo, simu mbele kama hati ya korti:
"Tazama kivuli! Kiko kwangu!"
Zuwena akainyakua, akavaa miwani:
"Wewe soma maandishi! Jina la nani hili?"
Simu moja, ukurasa mmoja,
kushoto picha inamtaja Nabhan,
kulia maneno yanamtaja Zuwena,
na maji, yasiyojua kusoma,
yakapita katikati yao
yakanywesha changarawe.

Usiku nilikagua hesabu. Sawa.
Nikakagua jua. Sawa, jua halikosei.
Kumbe ni simu ya Nabhan.
Bondeni mtandao unapumua kwa shida,
basi simu, kwa ubahili wake wa heri,
iliiweka akiba picha ya saa mbili,
zamu yake Nabhan, zamu ya haki kabisa.
Saa nne ikaulizwa tena,
ikaona anwani ni ileile,
ikajisemea: hii ninayo, ya nini kusumbua watu?
Ikakibandika kivuli cha asubuhi
kando ya maneno mabichi.

Haukuwa uongo.
Ilikuwa kweli iliyochacha.

Nami nikamkumbuka mama
akinielekeza njia kwa simu, mimi niko Unguja kwa harusi:
"Pita duka la mkate, kata kushoto, utaona mlango wa kijani."
Nimesimama juani, duka ni benki,
mlango ni ukuta,
na yeye kule Mudhaibi anasisitiza: "Si uko mbele yako?
Mwanangu, fungua macho."

Dawa ilikuwa ndogo, karibu ya aibu.
Nyuma ya anwani ya picha nimeongeza mkia:
saa, dakika, sekunde.
Sasa hakuna maombi mawili yanayofanana,
na simu bahili haina cha kujidai inacho.
Kila anayeuliza anachorewa upya,
hata akiuliza mara saba kwa hasira.

Nabhan alilipa nusu athari. Alinuna hadi Alhamisi.

Muhanna yeye hakuridhika na maelezo.
Alishuka mwenyewe, magoti yakilalamika,
akaiweka simu chini, karibu na kijiti,
kivuli kwa kivuli, jiwe kwa jiwe.
Alitazama muda mrefu nikaanza kutokwa jasho.
"Vimelingana," akasema,
"ila hapa pana sisimizi anavuka zamu ya Zuwena,
na kwako simwoni."