Kisanduku cha Saba

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na nusu,
chumba kilicho nyuma ya mashine za kupangia barua,
Leipzig, ghorofa ya pili, radieta ikikohoa,
tunakutana sita. Mara nyingine wanne.
Februari nilikutana na viti.

Ni mtandao wetu, wafanyakazi wapendao wa jinsia yao,
na wa kina Jannik, waliovuka jinsia waliyoandikiwa hospitalini.
Tangazo letu ubaoni limebanduliwa mara tatu.
Jannik huchapa jingine, halalamiki,
hubandika juu ya gundi ya lile la zamani.
Wakubwa walitupa bajeti ya biskuti
na bendera ndogo ya mezani, ya rangi zote,
isiyosimama. Tumeiegemeza kwenye birika.

Leo ameingia Roswitha wa vifurushi,
miaka thelathini na mmoja kazini, wiki mbili astaafu,
koti hakulivua, fomu ya pensheni mkononi.
Tulidhani amekosea mlango.

"Kisanduku cha saba," akasema.
"Wanauliza mrithi wangu ni nani."

Wewe usomaye, lugha yetu ni karimu:
mwenzangu, yeye, alinipikia, ananingoja.
Mtu aweza kuishi ndani ya neno hadi kaburini
asiulizwe ni mume au ni mke.
Kijerumani hakina stara hiyo. Kila sentensi hudai.
Basi Roswitha alijifunza kuzikata kabla hazijafika.
Jumapili tulikwenda ziwani. Kwetu tunapenda samaki.
Miaka thelathini na mmoja ya "sisi" isiyo na uso,
na wenzake wa mezani wakadhani ana watoto.

Henrike, ajuaye sheria, akavuta kiti.
Hakumpa pole, hakupiga makofi.
Alimpa kalamu.

Roswitha akaandika kwa herufi kubwa, polepole,
kama anwani ya kifurushi kisichotakiwa kurudi:
GUDRUN. Kisha jina la ukoo. Kisha mtaa,
ule ule wake, nyumba ile ile, kengele ile ile.

Akaitazama bendera yetu.
"Hiyo inataka uzito," akasema,
akatoa mfukoni jiwe la mizani, gramu hamsini,
akalibana kwenye kitako. Ikasimama, kiasi.

Akachukua biskuti mbili.
"Moja ni yake," akasema,
kwa lile neno lao la kike, lote, bila kulikata,
ambalo hapa sina pa kuliweka.