Mlio wa Bata

Alishuka Iyunga mwezi wa sita, baridi ikitafuna vidole,
Profesa Iwakura, mzee mfupi, sanduku limefungwa kwa kamba.
Miaka arobaini na moja, huko kwao Japani,
alisoma maandishi ya Wachina waliokwisha kufa.
Alimweleza mama hayo kwa Kiswahili cha kitabuni,
kila neno amelipiga pasi.

Mama akapanda darini, akashusha daftari.

Liliachwa na Mchina mpima udongo, reli ilipopita,
mikononi mwa baba, kibarua wa nyundo.
Baba hakujua kusoma hata alama moja.
Alilitunza juu ya meko, kwenye moshi, na mahindi ya mbegu:
maneno ya mtu, alisema, hayawashiwi jiko.

Siku tatu mgeni aliinamia meza yetu.
Viazi vilipoa. Ukungu ulishuka Loleza
ukaingia hadi uvunguni.
Mjomba Ambokile alipitapita, akisubiri habari za dhahabu.

"Ni hesabu," alisema siku ya nne.
"Kokoto. Mataruma. Kabichi nyuma ya kambi.
Mvua imenyesha. Haikunyesha. Imenyesha."
Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.
"Na hapa: Leo Mwakalobo amenipa ndizi za kuchoma.
Sikujua neno la kumjibu. Kesho nitamwuliza."

Mama akaenda kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

"Kesho yake kuna alama tatu tu. Zimenishinda.
Fadhila. Kufika. Mlio wa bata."
Alizigeuza usiku kucha, akazitafutia
mfalme, mtawa, methali ya kale.

Jumamosi tukaenda Mwanjelwa kutafuta balbu.
Muuza duka, kijana wa Kichina, alikuwa anakula muhogo.
Profesa akamsalimu; kijana akakunja uso:
Kichina kile kilikuwa na vumbi la karne.
Basi akamwonyesha karatasi, zile alama tatu.
Kijana hakuwaza maana. Alizisoma tu kwa sauti,
mdomo umejaa:
"En-da-ga."

Nikaangusha balbu.

Ndaga. Neno la bibi akipokea kikapu,
la baba, kila jioni, akipewa maji ya kunawa.

Profesa alisimama kati ya vigae vya kioo,
akalisema mara moja, vibaya.
Akalisema tena.
Kisha akalipia balbu mbili.