Mama Bila Mikono

Kiwanja chetu kiko Barabara ya Kiambu, ukipita kitalu cha miche.
Tunauza simba wawili wawili,
vyungu, nguzo za baraza,
na Wagiriki.

Wagiriki hununuliwa na wenye malango ya umeme.
Hawawaulizi majina. Husema, "Nipe yule asiye na mikono,"
na Asiligwa huandika risiti:
Mama Bila Mikono, mmoja, elfu kumi na nane,
usafiri juu ya mteja.

Mimi ndiye nimwagaye.
Saruji, mchanga wa Machakos,
oili chafu ndani ya kalibu asije akang'ang'ania,
kisha siku mbili za kungoja.
Namfungua kama anayefunua mgonjwa: pua ipo?
Siku nyingine haipo.
Nimewahi kumfinyangia mungu pua kwa kijiko cha chai.

Jumamosi moja nilinunua kitabu kwenye turubai kando ya njia,
shilingi mia, kurasa za mbele zimeliwa na mvua.
Nikaanzia katikati,
pale mtu anapotembea akitazama nyota
akatumbukia kisimani, kijakazi akamcheka.
Huyo nilimjua: ni Kirwa mpimaji,
aliyezama mtaroni Githurai akihesabu nguzo za stima.

Mbele kidogo, mzee miguu mitupu
anawasimamisha watu sokoni: haki ni nini? ushujaa je?
Hakuuza kitu. Hakuandika kitu.
Wakamhukumu, akapokea kikombe cha sumu
kama mtu anywaye uji kabla ya safari,
na mwisho kabisa akakumbuka kuwa anadaiwa jogoo.
Lile deni nililipenda kuliko hekima yake yote.
Mimi nadaiwa unga dukani kwa Kerubo.

Tena palikuwa na mwanamke wa kisiwani, mtunzi,
ambaye beti zake zilitupwa jaani, zikafunikwa na mchanga wa Misri,
hata yakabaki makombo: nusu mstari,
neno moja,
                    pengo.
Kitabu changu nacho kilikuwa kimetafunwa hapo.
Nikashindwa kujua pengo lipi ni la panya
na lipi ni la miaka.

Lakini ukurasa wa mia na kumi ndio ulioninyima usingizi.
Walikuwa na rangi! Sanamu zile zote:
nywele nyekundu, mboni nyeusi, midomo,
nguo za buluu zenye mapindo.
Mvua ikaja, karne zikaja, wakasuguliwa,
na waliowafukua wakadhani
weupe ndio uzuri wenyewe.

Nikaenda Barabara ya Kirinyaga kuomba mabaki ya rangi za magari.
Nikampaka. Nguo zambarau, pindo la njano.
Ngozi nikaipa kahawia ya Kerubo, sijui kwa nini.
Najua.
Nilipomaliza jicho la pili, alinitazama.

Jumatatu akaja mteja, Bwana Gathirimu.
Akamzunguka mara mbili. "Nani kamharibu?
Mgiriki halisi ni mweupe."
Nilitaka kueleza ukurasa, mvua, wafukuaji.
Nikajikuta nauliza tu,
"Bwana, huyo halisi ulimwona wapi?"
Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, kitambo kizima.
"Hotelini," akasema.

Nilikatwa mshahara wa wiki.
Tukamwaga mwingine, mweupe, macho kama mayai ya kuchemsha,
akapakiwa kwenye pikapu amefungwa blanketi.

Wangu yuko nyuma ya tangi la maji.
Alfajiri jogoo wa Kerubo humrukia begani
akawika kama mdai.
Masika yameanza. Lile pindo la njano
limeanza kuchuruzika hadi kwenye vidole vya miguu.
Kila asubuhi, kabla ya kukoroga saruji,
nakwenda kumchungulia macho.

Bado.