Kila Kipande na Jicho Lake

Asajile alisoma vizuri siku ile,
kidole kikitembea chini ya mstari,
sauti ikipanda na kushuka
pale pale ninapoipandisha na kuishusha mimi,
mpaka upepo wa Isyonje ulipoingia dirishani
ukafunua ukurasa,
naye akaendelea na ule uliopita.

Mwaka mzima.
Mwaka mzima alikuwa ananisoma mimi, si kitabu.

Nikamfungulia ukurasa asioujua.
"Dada anapika uji."
Alikaza macho. Akalamba midomo iliyopasuka kwa baridi.
"Baba anapika uji."
Darasa likaangua kicheko, madawati yakalia,
na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu
kabla sijakumbuka kuwa baba yake alishuka Chunya kufuata dhahabu
mwaka ule wa mvua nyingi,
na kwamba b na d ni herufi moja tu
kwa mtoto anayesubiri mtu atokee
upande wowote wa barabara.

Jumamosi nikapanda mlima na habari yangu mfukoni:
mtoto arudie darasa.
Tumpale, mama yake, alikuwa amekalia ndoo,
lundo la viazi vya mbegu mbele yake, jivu kwenye sinia.
Nikapewa kisu kabla ya kupewa kiti.
Habari ikangoja.

Nikakata. Nikakata kama mtu wa mjini anayekata chipsi.
Asajile akaokota kipande changu, akakigeuza,
akamtupia nguruwe.
"Mwalimu, hicho hakina jicho. Hakioti."
Akanionyesha: kisu kipite hapa, si hapa.
Kikubwa, kidogo, si hoja,
ila kila kipande na jicho lake.

Sikumwambia mama yake neno.
Niliteremka na matope hadi magotini,
nikiyarudia maneno ya mtoto kama mwanafunzi.

Jumatatu, wenzake walipokwenda kisimani,
nikaandika ubaoni: kiazi.
"Tafuta macho."
Akakaa. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni.
I, akasema. Halafu a. Halafu i tena.
"Sasa kata."
Akakata kwa chaki: ki / a / zi.
Akatafuna kipande kimoja kimoja,
kisha, bila kusukumwa, akavifukia pamoja
na neno likatoka zima.
Hakushangilia.
Alisema tu, "Hicho cha katikati ni jicho tupu."

Nywele: herufi tatu zimelibana jicho moja
kama watoto watatu ndani ya koti la babu.
Rafiki ilimtoka lafiki, nikaiacha;
kwao r haijawahi kuvuka kizingiti,
na aliyeliona neno ameliona.
Kuna siku alisahau yote.
Kuna siku nilifoka, nikatoka nje nipigwe na baridi nipoe.
Debe likawa bede, bede likarudi debe,
hadi tulipopatana kwamba b ametanguliza tumbo
na d amebeba mtoto mgongoni.
"Kama dada," alisema.
Akarudi mwenyewe kwenye ukurasa ule.
Da. Da.
Alikaa na neno hilo muda mrefu kuliko lilivyohitaji,
ndipo akapika uji.

Jana akakutana na mtoto.
Chaki ikasimama hewani.
"Mwalimu, hii m haina jicho."
Nikapekua kichwani daftari zote za chuo, sikuona kitu.
"Hiyo," nikamwambia, "inaota hivyo hivyo."
Akanitazama
kama mkulima anavyomtazama mwenye duka la mbegu,
akakata m / to / to,
akasoma.