Wino wa Kidole

Gunia nimelifunga mwenyewe kwa kamba ya katani.
Viazi vya Isyonje, vyekundu, vya baridi ya Juni.
Lumbesa nimeikataa. Nimesema gunia liwe gunia,
mdomo ufungwe kama wa mtu mwenye adabu.
Mnunuzi akacheka, akaenda kwa jirani.

Getini Lugano ameshika kamashine kake.
Kanatafuna, kanatema karatasi.
"Shikamoo mama Tusekile. Ushuru."
Marahaba, mwanangu. Ninayo ya jana.
"Ya jana ni ya jana."

Nyumbani kopo la maziwa ya unga limejaa risiti.
Zimefutika. Wino wake haumalizi masika:
hata ushahidi wa jasho langu unapauka
kama kanga ya kampeni iliyofuliwa mara mbili.
Usiku mmoja nilizipanga sakafuni ncha kwa ncha,
mjukuu akinimulikia kwa simu.
Zilitoka mlangoni, zikavuka uani,
zikafika zizini.
Shuleni hazikufika.

Shule yetu ina darasa lililokomea kwenye linta.
Mwaka wa nne. Ndani mmeota magugu,
na mbuzi wa Mwalingo wanaijua kengele kuliko watoto.
Tofali tulifyatua sisi. Mchanga tuliubeba kwa ndoo.
Tukaambiwa: wananchi wanyanyue, bati litakuja.
Basi Darasa la Tatu linatazama mashariki,
la Nne magharibi, chumba kimoja, migongo inagusana.
Huku wanaimba saba mara nane,
huku wanasoma habari za Ziwa Ngosi.
Mjukuu wangu akaandika kwenye mtihani:
Ziwa Ngosi ni hamsini na sita.
Mwalimu Ndimbumi alimpa nusu maksi. Namshukuru.

Sasa chama.
Mama yangu alizikwa na kadi yake, aliiomba mwenyewe.
Mimi nilizaliwa humo kama mtu azaliwavyo ndani ya ukoo,
huulizwi, unakuta jina limeshatolewa.
Na dada yangu Anyitike tulinuniana miaka miwili,
hata moto wa kuwashia jiko hatukupeana,
kwa ajili ya watu ambao wakikutana mjini
wanachovya bakuli moja.
Diwani namjua tangu ana kamasi.
Kila miaka mitano analeta kofia, analeta chumvi,
anasema, "Ninyi hapa ni ngome yetu."
Ngome!
Ngome haiezekwi. Ngome haiulizwi imelalaje.
Kazi ya ngome ni kusimama, mvua iipige.

Leo nimepanga foleni, ukungu mpaka magotini.
Kituo ni chumba kile kile cha migongo miwili.
Ubao wa magharibi hawakuufuta:
hesabu ya kugawanya, na baki lake.
Kalamu imefungwa uzi, kana kwamba ningeiiba.
Mkono ukaenda wenyewe pale ulipozoea,
kama ng'ombe anayelijua zizi gizani.
Nikaushika kwa mkono wa pili.
Msimamizi akakohoa.
Akakohoa tena.
Nilichofanya ni changu, hata Anyitike simwambii.
Ila majina yote niliyasoma,
mara ya kwanza tangu nianze kupiga kura,
taratibu, mpaka la mwisho.

Kurudi nikapitia shambani, nikachimba ndoo mbili.
Getini, Lugano.
"Leo pia?"
"Leo pia, mama."
Nikamwonyesha kidole. Nimeshalipa, nikasema.
Akautazama ule wino. Mwanawe naye yuko la Tatu,
upande wa mashariki, anakalia tofali.
Ule mti wa geti ukanyanyuka kidogo, kama nyusi.
Nikadhani.

Kisha kamashine kakatema karatasi.
Kwa ndoo mbili tu za viazi.